Mwalimu Barafu na Gesi Isiyopotea Bure

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi, mwenzetu anayejulikana chuo kizima kama Mwalimu Barafu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lililo kwenye faili lake analikumbuka karani wa mishahara peke yake. Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu karakana yangu ya useremala imepakana na yake ukuta kwa ukuta. Nimevumilia kelele zake, naye amevumilia zangu.

Aliingia hapa akiwa kijana mwembamba, suruali imenyooshwa pasi utadhani anakwenda kuposa. Siku hizo, kabla ya kugusa bomba la friji, fundi alilifungua na kuiacha gesi ijiendee zake hewani, pssss, ndipo kazi ianze. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyofundisha. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Kisha akapelekwa mafunzo ya wiki chache, akarudi kama mtu aliyeokoka. Huko alielezwa kwamba gesi ile ikipanda angani inazidisha joto la dunia, na kwamba fundi anaweza kuinyonya kwa mashine, akaihifadhi kwenye mtungi, akaisafisha na kuitumia tena. Tangu hapo ukimpa habari za mpira, yeye anakujibu habari za mtungi. Alihubiri kwenye foleni ya chai na kwenye vikao vya idara. Kwenye harusi ya binti yangu alimvuta pembeni fundi wa viyoyozi vya ukumbi, wakazama kwenye mazungumzo mpaka wote wawili wakakosa keki.

Waraka ulipokuja ukitaka vyuo vyote vifundishe stadi za kijani, yaani za kulinda mazingira, wengi wetu tulikuna vichwa, na mwenzetu wa upakaji rangi akadhani amepata soko. Mwalimu Barafu alikuwa na somo lake tayari. Alichokosa ni wanafunzi, maana kila kijana alitaka kompyuta. Mkuu wa chuo, ambaye hana ubaya na mtu, alimweleza wazi kwamba idara yenye watu wachache namna ile haiwezi kukalia karakana kubwa. Muhula ukiisha ingefungwa, na jengo lingegeuzwa stoo ya viti. Siku hiyo nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, chai imepoa mkononi. Iliniuma sana.

Ni katika muhula huohuo jiko la chuo lilipoanza kuwekwa vigae. Mpishi mkuu, mama tunayempenda na kumwogopa kwa kiwango kilekile, aliihamishia friza yake kwenye baraza ya karakana ya majokofu, penye umeme. Kwa bahati mbaya, hapo hapo barazani ndipo watu wema huacha friji mbovu wanazotupatia kama msaada. Wanafunzi walikuwa na uchu wa mazoezi, na kila friji mbovu walikuwa wameshainyonya. Asubuhi wakaiona friza, wakadhani nayo ni ya msaada. Wakiongozwa na binti tunayemwita Dada Mizani, kwa kuwa hapitwi na kitu bila kukipima, wakafuata kila hatua waliyofundishwa. Walichomoa umeme, wakaunga mashine, wakanyonya gesi yote, wakaupima mtungi na kubandika karatasi yenye aina na uzito wake. Kazi safi kabisa. Ila gesi hunyonywa kwa nyuma, hivyo hakuna aliyekumbuka kufungua mlango wa mbele na kuona kwamba friza imejaa nyama na samaki.

Kufika mchana barafu ilikuwa maji. Mpishi alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa chuo, upawa mkononi, akalalamika kwamba hata hiyo stoo ya viti ingekuwa na adabu kuliko karakana ile. Mkuu akaja mwenyewe, uso umekunjamana. Wanafunzi walisimama kama wezi waliokamatwa.

Mwalimu Barafu hakufoka wala hakujitetea. Alimwagiza Dada Mizani alete mtungi, aondoe hewa yote mabombani, kisha airudishe gesi ileile, gramu kwa gramu. Kabla jua halijazama friza ilikuwa inanguruma, na nyama ilikuwa salama. Mkuu akauliza ingekuwaje kama wangefanya kama zamani. Mwalimu akamjibu taratibu kwamba gesi ingekuwa mawinguni, na mama angekuwa bado anasubiri gesi mpya. Mkuu akagusa ukuta wa ndani wa friza, akauondoa mkono haraka kwa baridi. Viti havikutajwa tena. Wiki iliyofuata idara ikapewa kazi ya kuhudumia friji na viyoyozi vyote vya chuo, na mafundi wa mjini waliposikia, wakaanza kuleta watoto wao kusoma.

Hata hivyo, mwenzetu hakuacha kuhofia kwamba siku akiondoka, idara itaondoka naye. Sasa Dada Mizani, aliyerudi kwetu akiwa mwalimu, ndiye anayeipokea. Wiki iliyopita Mwalimu Barafu alikaa benchi la nyuma akimsikiliza anavyofundisha. Darasa lilijaa hadi wengine wakakosa pa kukaa. Kipindi kilipoisha alikuja kwangu, akavuta kigoda, akafuta macho na kusingizia vumbi la mbao. Siku hiyo sikuwa nimekata hata ubao mmoja.

Shemeji yetu ameshatuomba tumtafutie mumewe shughuli, kabla hajaifungua friji ya nyumbani. Tutajitahidi, shemeji, ila hatuahidi kitu.

Asante, mwalimu, kwa kazi, kwa utani na kwa ubishi wako. Mungu akujalie afya, usingizi mnono na wajukuu wa kuwahubiria. Nenda kapumzike bila wasiwasi. Idara yako ina watu.