Mkunga Aliyesahau Miwani Kila Nyumba

Miaka thelathini na moja! Ndiyo, soma tena. Bibi Mehr Nigar wa Zhurgol amezalisha akina mama wa bonde hili kwa miaka thelathini na moja, na tarehe 20 Machi, Nauruzi, sikukuu yetu ya mwaka mpya, ikiwa kesho yake, anaweka mkoba chini. Hakuajiriwa na mtu. Hakuwa na bosi, wala likizo, wala wa kumpa ruhusa ya kuumwa. Alikuwa na chumba kimoja kando ya nyumba yake, jiko la kuni, kitanda, na miguu inayopanda mlima kushinda mbuzi.

Ukunga aliusomea Chitral mjini, huku kwetu kaskazini mwa Pakistan, akiwa tayari mke wa mtu, na mtoto mgongoni. Akarudi, akatundika kibao mlangoni, watu wakaja kuchungulia tu. Wa kwanza kujifungua mikononi mwake alikuwa mke wa mpiga ngoma wa polo, tena siku ya mechi. Habari ilipofika uwanjani, baba mtu akabadilisha mdundo katikati ya mchezo, farasi wakachanganyikiwa, timu ya Zhurgol ikafungwa. Wazee wa polo mpaka leo wanamlaumu Bibi, na Bibi mpaka leo anasema farasi wao walikuwa wavivu tangu asubuhi.

Ila sisi wakunga wenzake, tunaojitegemea kama yeye, tunamshukuru kwa jambo jingine kabisa. Bibi ndiye aliyethubutu kuuliza swali ambalo zamani lingekufukuzisha nyumbani kwa watu: mkunga akiumwa, nani atakuja?

Kwetu kheri haiandaliwi pamoja na shari. Huwezi kumwambia mjamzito "ikitokea". Ukisema ikitokea, umeshaiita. Basi kila familia ilikuwa na mkunga wake mmoja, na mkunga huyo hakuruhusiwa hata mafua. Mwaka mmoja Bibi akapata homa ya mapafu. Unadhani walimwacha alale? Vijana walimbeba juujuu na kitanda chake, wakampandisha mlima mpaka kwa mwenye uchungu. Yule mama alipomwona anavyotetemeka, akamsogezea blanketi lake mwenyewe. Mzazi alikuwa mzima kuliko mkunga! Mtoto alitoka salama, lakini Bibi alipopata nafuu alituambia hiyo si kazi tena, ni pata potea.

Akaanza kwenda kuwaeleza watu. Nyumba ya kwanza ikawa ya Mama Khush Begum, mwanamke ambaye akikohoa mbwa wa jirani wananyamaza. Rozina, mkaza mwana wake, alikuwa na mimba ya pili, na kwenye ile ya kwanza alitokwa na damu nusura imchukue. Huyu si wa kubahatisha. Bibi akaeleza kwa adabu zote kwamba yeye naye ni binadamu, kwamba akianguka kitandani atakuja mwenzake Gul Andam wa kijiji cha pili, msichana mwepesi, mkono wake mzuri. Mama Khush Begum akasikiliza mpaka mwisho, akamwongezea chai ya chumvi, akamsindikiza kwa tabasamu. Bibi hajamaliza kuvuka bustani ya mitofaa, harufu ikamfuata. Kugeuka, anaona moshi: Mama anafukiza majani ya mreteni mlangoni, anaufukuza mkosi aliouacha mgeni.

Mwingine angekata tamaa. Bibi akaanza kusahau.

Alisahau miwani kwa Mama Khush Begum. Kesho yake Gul Andam akaifuata, na kwetu mtu hachukui kitu akaondoka bila kukaa, basi akakaa, akala mkate, akamgusa Rozina tumbo kidogo tu, akasikia habari yote ya ile damu. Wiki nyingine Bibi akasahau skafu. Halafu kipimajoto. Halafu miwani tena. Na si nyumba ile peke yake! Kila penye mjamzito Bibi aliacha kitu, na kila alichoacha Gul Andam alikifuata. Bonde zima likaanza kunong'ona kwamba jamani, Mehr Nigar anazeeka vibaya, kichwa kimeanza kuvuja. Yeye akaacha wanong'one. Upande mwingine alihakikisha mikoba yao wote wawili imepangwa sawasawa, kila kitu mahali pake, hata mmoja akishika mkoba wa mwenzake mkono usipotee. Na dereva wa jipu alikuwa ameshaambiwa minyororo ya matairi ikae tayari, eti kwa ajili ya harusi.

Februari, theluji imefika madirishani, Bibi akaamka na macho ya rangi ya binzari. Homa ya ini. Daktari akamwambia alale, na asimguse mzazi yeyote. Asubuhi hiyohiyo Rozina akashikwa na uchungu.

Mama Khush Begum hakutaka kusikia. Alisema kwenye simu kwamba watasubiri, Mehr Nigar atakuja hata kwa kutambaa, alishabebwa siku nyingine na hakufa. Tuliokuwa chumbani tulimwona Bibi anajaribu kuinuka, anashika ukuta, anakaa tena. Kisha akasema polepole, "Mama, nikija leo nakuletea ugonjwa, sikuletei mjukuu. Anayekuja ameshatoka. Mfungulie."

Simu ikakatwa. Hatukujua kama mlango utafunguliwa.

Gul Andam alifika na theluji kiunoni. Mama Khush Begum akasimama mlangoni na ufito wa kuchochea moto mkononi, akamtazama juu mpaka chini.

"Kumbe ni wewe wa miwani?" akasema. "Sasa umesimama nje kama mgeni, unangoja nani?"

Akaingia! Rozina alipomwona akatoa pumzi, akamshika mkono, hakuuliza Bibi yuko wapi. Adhuhuri mtoto wa kike akatoka, na damu nayo ikaja kama tulivyoiogopa. Ila Gul Andam alijua hadithi yake tangu siku za chai, sindano ya kuzuia damu alikuwa ameshaiandaa, mtoto hajamaliza kulia imeshaingia. Akakanda tumbo, akakanda, mpaka damu ikatulia. Jipu lilikuwa linanguruma chini ya mlima na minyororo yake, halikuhitajika kumpeleka hospitali. Mama Khush Begum mwenyewe ndiye aliyepiga simu, akaiweka mdomoni kwa mtoto, na Bibi akasikia kilio akiwa kitandani. Akageukia ukutani, akalala usingizi wa mchana, kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwona akifanya.

Siri haikudumu. Bibi alipopona, Mama Khush Begum alimjia mbele ya watu: "Kwa hiyo ulikuwa unasahau makusudi? Na mimi nimekuombea kumbukumbu majira yote ya baridi?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Tangu siku hiyo mambo yamepinduka. Leo kila mkunga wa Zhurgol ana wa pili wake, na wa pili ana wake, na hakuna anayefukiza mreteni. Tena ukitoka kwa mjamzito na vitu vyako vyote mkononi, mama mkwe anakuja juu: kwetu mbona hujasahau kitu, unatudharau?

Alipotangaza kustaafu, hakuna aliyekuja kulia mlangoni kwake. Walikuja kumpongeza. Alituambia hiyo ndiyo zawadi aliyokuwa anaitaka.

Basi Bibi, maneno haya sasa ni yako. Wakati ratiba hii ya sherehe ya kukuaga inachapwa, kuna mama kule juu siku zake zimetimia, na huenda simu ikalia katikati ya hotuba. Ikilia, Gul Andam ataondoka, na wa pili wake ameshakaa karibu na mlango. Wewe utakaa. Tunakujua, utaanza kutafuta viatu. Usihangaike, tumevificha. Asante kwa watoto wetu, asante kwa mama zao. Kula ghalmandi, mkate wetu wa kujazwa, ikiwa bado ya moto, na Mungu akupe miaka mingi ya kulala mpaka jua likuamshe lenyewe.