Ardith Lunde Hakufuma Hata Soksi Moja

Ardith Marie Lunde, binti Haugen, alizaliwa siku ya Alhamisi tarehe 3 Aprili 1947, katika shamba la baba yake, maili nne kaskazini ya Dunmoor, Saskatchewan. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Torvald Haugen na mkewe Inga. Mwaka ule theluji ilikuwa bado imefika madirishani. Mkunga aliletwa kwa gari la farasi la kuteleza, na alipofika alikuta mtoto ameshatoka, anapiga kelele. Mama yake alizoea kusema, "Huyu hajawahi kumngoja mtu."

Wanasema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Marehemu hakutaka mwosha abaki nayo peke yake. Wiki mbili kabla ya kufariki aliagiza kwamba wasifu huu usomwe na mkwe wake Darla, si na mwanawe Keith. Alisema, "Keith akifika pale pabaya atapiga chafya, aruke ukurasa. Darla hana haya." Mumewe, Bwana Orville, aliomba sana jambo lenyewe lizikwe pamoja na marehemu. Alikataliwa. Basi linasomwa. Yuko benchi la mbele, masikio mekundu, na anayetaka kumtazama amtazame sasa amalize.

Alisoma shule ya chumba kimoja ya njia panda kuanzia mwaka 1953 hadi alipomaliza darasa la nane mwaka 1961. Hesabu alizipenda. Kuimba, aliimba kwa nguvu kuliko kwa usahihi, na kanisa hili ni shahidi. Somo moja tu lilimshinda, nalo ni kazi za mikono. Mwalimu aliwafundisha wasichana kufuma kitambaa cha kuoshea vyombo, cha mraba. Cha Ardith kilitoka na pembe tatu. Mwalimu akakiinua darasa zima likione.

"Ardith Haugen, hiki ni nini?"

"Ni cha kuoshea vyombo vidogo, mwalimu."

Alichapwa rula vidoleni. Tangu siku ile hakushika sindano za kufumia kwa hiari yake. Naam, mmesikia vizuri. Huyu mliyemwita mfumaji wa Dunmoor, mwenye blanketi katika kila nyumba iliyopata mtoto, hakufuma hata soksi moja. Kama kuna aliyeanguka kwenye benchi, jirani yake amwinue, tuendelee.

Alipotoka shule alibaki nyumbani kumsaidia mama yake, aliyevunjika nyonga. Mwaka 1966 aliajiriwa posta ya Dunmoor, akasimama nyuma ya kaunta ile mpaka alipostaafu mwaka 1999. Alijua mwandiko wa kila mtu, na siri za watu hakuzitoa. Kila theluji ilipoanza kuyeyuka, vifaranga vya wakulima vilikuja kwa posta ndani ya maboksi. Yeye aliyapanga karibu na hita, kisha akawapigia simu wenyewe: "Njoo uchukue watoto wako, wanaimba kuliko kwaya yenu." Kazi ile aliifanya kwa uaminifu. Ndiyo maana lile jingine lilimuuma, kwa sababu hakuwa mwongo wa kuzaliwa.

Tarehe 11 Julai 1970 aliolewa katika kanisa hili na Orville Lunde, mfanyakazi wa ghala la nafaka kando ya reli. Orville alipokuwa na miaka kumi na mmoja alilazwa kwa kifua kikuu, akakaa hospitalini miaka miwili. Wauguzi waliwafundisha wavulana kufuma ili watulie kitandani. Alirudi nyumbani na kifua kizima na skafu ndefu aliyoifuma mwenyewe. Baba yake akaitazama mbele ya vibarua wa mavuno, akasema, "Nilipeleka mvulana, wamenirudishia shangazi." Vibarua walicheka. Orville hakufuma tena mbele ya macho ya mtu.

Ardith alilijua hilo Oktoba ya mwaka ule wa harusi. Alishuka chumba cha chini kuchukua viazi, akamkuta mumewe kaketi karibu na tanuri la kupasha nyumba joto, redio inatangaza hoki, sweta imelala mapajani. Alivyoruka yule bwana, ungedhani amekutwa na mke wa mtu.

"Usimwambie mtu, Ardith."

"Nimwambie nani? Na nani ataniamini?"

"Nakuomba."

"Hiyo sweta ni ya nani?"

"Yako," Orville akasema, akainamisha uso.

Sweta ile ya buluu yenye nyota nyeupe kifuani aliivaa kanisani Jumapili ya kwanza ya Majilio. Mlangoni alisimama marehemu Bi Gunderson, mwenyekiti wa akina mama. Akashika pindo, akaligeuza, akakagua upande wa ndani kama mtu anayetazama meno ya farasi mnadani.

"Umefuma mwenyewe, bi harusi?"

Ardith akamtazama Orville nyuma ya bega la yule mama. Uso wa bwana ulikuwa umesawijika kwa hofu. Akajibu, "Ndiyo."

Neno lile lilianza kwa huruma, na hilo lisisahauliwe. Lakini si huruma iliyompeleka kwenye maonyesho ya kilimo Agosti iliyofuata, sweta imekunjwa kwenye karatasi laini, jina lake juu. Si huruma iliyonyoosha mkono kupokea utepe wa mshindi wa kwanza. Marehemu aliyasema mwenyewe: "Ile 'ndiyo' ya kwanza niliitamka kwa ajili ya Orville. Zilizofuata nilizitamka kwa sababu zilikuwa tamu."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakumjua Ardith. Yake ilikwenda miaka arobaini na saba.

Nyumbani kwao maisha yalikuwa hivi. Orville akitoka ghalani alioga kuondoa vumbi la ngano, akala, akashuka chini. Ardith alibaki juu na vyombo vyake na simu yake. Kazi ikiisha ilipanda ngazi: blanketi la mtoto wa ubatizo, kofia za wacheza hoki, glavu za watoto zilizounganishwa kwa kamba ili zisipotee, fulana ya mchungaji aliyetangulia ambayo alizikwa nayo. Ardith aliiosha kazi kwa maji vuguvugu, akaitandaza ikauke juu ya kitanda cha wageni, akashona vifungo. Vifungo vilikuwa vyake kweli. Mwenye sweta yenye vifungo, vifungo vile ni vya Ardith, avitunze.

Mtu akibisha hodi, Orville alitupa kazi yake ndani ya pipa la viazi. Siku moja Bi Gunderson alikuta udongo kwenye soksi alizozawadiwa. "Ardith, we mwanamke, unafumia shambani?"

"Nafuma popote, Bi Gunderson. Mkono haulali."

Mambo ya kuchekesha, na walicheka wote wawili nyumbani mpaka machozi. Ila Alhamisi hazikuwa za kuchekesha. Alhamisi akina mama walikutana katika chumba cha chini cha kanisa hili kufuma pamoja. Ardith alikuja na kikapu kilichojaa uzi, akakiweka kitini, akashika birika. Alimimina kahawa, akakata keki, akaosha vikombe, akamimina tena. Miaka nenda miaka rudi hakuna aliyemwona akifuma mzunguko mmoja. Wenzake walisema, "Angalieni anavyojinyima. Anatumikia wenziwe kwanza." Naye aliwasikia. Mtu anayesifiwa unyenyekevu kwa sababu ya uongo wake hujiona mdogo kuliko punje, na yeye alijiona hivyo kila wiki, akaenda kujaza birika.

Sasa hapa ndipo Keith angepiga chafya.

Mwaka 1988 aliolewa hapa Dunmoor binti anayeitwa Colleen, kutoka mbali, hana mama wala dada karibu. Alhamisi moja alimfuata Ardith na soksi iliyofika nusu.

"Mama Ardith, samahani. Nionyeshe kugeuza kisigino, hapa soksi inapopinda. Nimefumua mara nne, mume wangu ananicheka."

Sindano zote chumbani zilisimama. Kila mtu alitaka kuona mikono ile maarufu. Ardith aliipokea soksi. Aliigeuza huku, akaigeuza kule, na ilikuwa kama kushika injini ya trekta. Angeweza kusema macho yanamuuma. Angeweza kusema njoo kesho nyumbani. Hofu haikumpa nafasi.

"Binti, kama kisigino kinakushinda, duka lipo. Nenda kanunue."

Akina mama waliangua kicheko. Colleen naye alicheka, ili asiwe peke yake. Akaikunja soksi, akaitia mfukoni. Alhamisi iliyofuata hakuja, wala ile ya baadaye. Hakufuma tena maishani.

Mezani jioni ile Ardith alimweleza mumewe. Orville akaweka uma chini. "Si ungemleta kwangu?"

"Nimlete kwako nimwambie nini?"

Nyama ilipoa, na hakuna aliyeila. Kwaresima yote ile Orville alimfundisha mkewe kugeuza kisigino, pazia limefungwa, mezani jikoni. Kilitoka kama goti la mzee. Aliposhindwa kabisa alisema, "Basi, Mungu anajua ninachostahili." Alikutana na Colleen posta kila wiki kwa miaka kumi na mmoja mingine, akamuuzia stempu, akamuuliza habari za watoto, na mdomo haukufunguka kuomba radhi.

Machi mwaka huu wa 2017 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Alipokea habari kwa utulivu, akauliza kama bado anaruhusiwa kula mikate ya viazi yenye siagi, akaruhusiwa. Mwezi Oktoba alilazwa. Orville alikaa kando ya kitanda kila siku. Mikono yake haijazoea kukaa bure, kwa hiyo alikuwa akivuta pazia la kitanda na kufuma.

Alasiri moja waliokuwa hapo ni wao wawili tu. Zikasikika hatua, Orville akasukuma soksi chini ya blanketi la mgonjwa, sindano ikamchoma nyonga, Ardith akapiga ukelele. Aliyeingia alikuwa Colleen, na sufuria ya supu. Akashtuka, akafunua blanketi aone kuna nini, akaikuta soksi, imefika kisigino.

"Mama Ardith! Hata hapa? Mgonjwa hivi na bado unafuma?"

Orville alitazama dirishani. Na Ardith, mwenye siku chache zilizobaki, asiye na utepe wa kupata wala mtu wa kumwogopa, alisema, "Ndiyo."

Colleen akapapasa kile kisigino kwa kidole. "Mimi sikukiweza kamwe. Afadhali uliniambia ukweli mapema, ningepoteza uzi bure." Akambusu kwenye paji la uso, akaaga, akaenda zake. Orville aliichukua soksi akaokota vitanzi vya uzi vilivyochopoka kwenye sindano, kimoja kimoja.

Darla aliingia na nguo safi, akamkuta mkwewe kageukia ukuta, analia.

"Mama, ni maumivu? Niite muuguzi?"

"Si maumivu. Nimemdanganya tena yule mtoto, Darla. Na amenishukuru."

Akaeleza yote, na mumewe kaketi pale pale.

"Colleen yuko nje kwenye maegesho, anapangusa theluji kwenye kioo cha gari. Nimkimbilie nimwite?"

"Sina uso."

"Utakuwa nao lini, mama?"

"Mkishanifunika," alisema. Kisha akamgeukia Orville. "Na wewe usininunie. Nilikufichia kitu ambacho hakikuwa aibu, nikajitafutia ambacho ni aibu kweli. Jina lako litasomwa."

Alifariki alfajiri ya Alhamisi tarehe 9 Novemba 2017, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Colleen, umeketi upande wa dirisha, na tafadhali usitoke. Marehemu anakwambia kwamba kisigino chako hakikuwa na kosa, yeye hakukijua. Kicheko kile cha akina mama kilikuwa chake, wewe ulibebeshwa tu. Anakuomba msamaha. Hakuagiza umsamehe, alisema kuomba ni kwake, mengine ni yako. Nyinyi wengine mliosifia anawaomba radhi pia, na nyinyi mliocheka siku ile mtajiangalia wenyewe.

Ardith ameacha mtoto wa kiume Keith na mkewe Darla, binti yake Lorna wa Regina, wajukuu watatu na dada yake Solveig. Ameacha mume, Orville Lunde, mwenye umri wa miaka sabini na mitatu, mfumaji. Ndiye aliyefuma kofia na glavu mlizovaa kuja kumzika mkewe. Tukitoka hapa mpeni mkono, na mkono wenyewe mwutazame.

Mungu ampokee Ardith kama alivyo. Sisi ndiyo kwanza leo tunamjua. Alale kwa amani.