Valerian Namangaya na Picha Mia Tatu

Wasikilizaji wapendwa, katika chumba kile cha uani, Mitwero, kila mwanafunzi aliijua sheria. Mashine ikiwa inapika, waya hauguswi. Atakayeugusa na kupoteza kazi, ataitengeneza upya kwa mikono yake mwenyewe, bila msaada.

Aliyeiweka sheria hiyo ni marehemu Valerian Namangaya, mtengenezaji wa filamu za katuni kwa kompyuta. Ndiye tunayemkumbuka leo. Ametutoka akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Valerian alifanya kazi Dar es Salaam kwa miaka kumi na minane. Figo zilipomlemea, alirudi Mitwero kwa dada yake, Katarina. Hakurudi kulala. Aliwakusanya vijana watano waliomaliza kidato cha nne, akawapa kompyuta tatu za mtumba na betri moja ya sola, akawaambia wataunda filamu ya dakika nane.

Filamu ilimhusu bibi mmoja anayejifunza kuandika. Bibi huyo, wasikilizaji wapendwa, alikuwa mama yao Valerian na Katarina, aliyetia dole gumba katika kila karatasi hadi anazikwa. Mwishoni mwa filamu bibi anaandika jina lake. Sekunde ishirini na tano tu. Lakini katika kila sekunde mkono wake ulipaswa kusogezwa mara kumi na mbili. Hizo ni picha mia tatu. Valerian alitaka kuiona sehemu hiyo kabla hajafumba macho. Daktari alikuwa amekwisha kumwambia Katarina ajiandae.

Sehemu hiyo alipewa Hafsa, binti wa Songo Songo aliyeishi Mitwero kwa shangazi yake. Aliikamilisha, akaiweka mashineni ipikwe, yaani kompyuta iunganishe picha zote ziwe filamu.

Mchana huo umeme ulikatika mtaa mzima. Jirani yao, Mzee Abdulwahab, alikuwa amefiwa na mkewe asubuhi. Pampu ya kisima ikanyamaza. Maji ya kumwosha marehemu hayakuwapo.

Mzee akasimama mlangoni. "Binti yangu, nisaidieni betri."

Hafsa hakungoja kuizima mashine taratibu. Aling'oa waya, akaibeba betri. Maji yakapatikana, maiti ikaoshwa. Diski ya kompyuta ikafa na vyote vilivyokuwamo. Nakala ya pili haikuwapo.

"Mpishi kaunguza!" mwenzake Idd alitania. Alipomwona Hafsa analia, akamwomba radhi.

Hafsa akaingia chumbani kwa mgonjwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kuomba msamaha au kuomba kazi?"

"Vyote, Mwalimu."

"Betri ulifanya vema kuitoa. Nami ningeitoa. Lakini kuzima mashine ni dakika mbili, na dakika hizo ulikuwa nazo. Kaanze picha ya kwanza."

Katarina hakuvumilia. "Kaka, wapo watano! Wakigawana, siku mbili utamwona mama anaandika. Peke yake ni siku kumi. Hizo siku kumi unazo?"

Valerian alimgeukia dada yake. Kisha akasema, "Kata, natamani kumwona kuliko unavyodhani. Lakini nikiipindisha sheria siku inaponiuma mimi, miezi yote hii nilikuwa nawafundisha nini?"

Hafsa akaketi. Picha thelathini kwa siku, na siku nyingine pungufu. Kila jioni kabla ya magharibi alikwenda kutaja idadi tu. Sitini. Mia moja na kumi. Mia moja na tisini. Valerian aliitikia kwa kichwa.

Siku ya tisa asubuhi, zikiwa picha mia mbili na kumi na sita, Valerian alifariki dunia. Mama yake ndani ya kompyuta alikuwa ameandika zaidi ya nusu ya jina.

Baada ya mazishi Idd alisema, "Hafsa, mwalimu hayupo. Nipe hata ishirini nikusaidie."

"Hapana, Idd. Zimebaki themanini na nne. Ni zangu."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Katarina, tunaipa pole familia yote ya Namangaya, na vijana wale watano. Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema. Nasi tujiulize, kila mmoja nyumbani kwake: ni sheria gani tuliyowawekea wengine, ambayo tungekubali itunyime sisi kitu tunachokipenda kuliko vyote?

Filamu ilionyeshwa siku ya arobaini, katika ukumbi wa parokia, mapazia yakiwa yamefungwa. Mzee Abdulwahab alikaa mbele. Bibi aliandika jina lake lote, herufi kwa herufi, akaweka kalamu chini. Katarina alilia kwa sauti. Kisha akainuka, akamshika Hafsa mikono yote miwili.

"Mwanangu," alisema, "nimezihesabu picha zako, zote mia tatu. Adhabu umeimaliza."