Alichoambiwa Jamali Karakanani

Asiyetaka kuamini na ainuke aende zake, Jamali alitangaza kabla hata hajakaa. Ilikuwa mwaka wa pili wa Uhuru, na alasiri ile kijiwe cha Temeke kilikuwa na watu wawili na dele moja la kahawa: Bakari, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki, na Mzee Mwinshehe, askari wa zamani wa Keya, jeshi la Waingereza, mjomba wake Jamali, ndani ya kanzu iliyopigwa pasi. Baada ya Magharibi angekwenda Keko kumposea mpwa wake binti aitwaye Zuena, na baba yake Zuena alikwisha sema hamwozi mtu asiye na kazi. Jamali, aliyeiacha shule darasa la nne kwa madai kwamba mwalimu anamchelewesha, alijitanua benchi zima.

— Mzungu mkuu wa karakana leo kawapita maseremala wote, kaja kusimama kwangu mie. Akasema, "Carry on."

— Maana yake? Mzee Mwinshehe akauliza.

— Hicho Kiingereza cha ndani, mjomba. "Carry" kubeba, "on" juu. Nabebwa, napandishwa.

— Unyapara huo, Redio akadakia.

— Unyapara mdogo. Wazungu wanafunga mizigo, kile kiti atakikalia nani?

— Basi na gari lake utaachiwa.

— Gari umelitaja wewe.

— Na nyumba ya Oysterbay. Mie nipe ulinzi, Masta. Ukinikuta nimelala, jifanye hujaniona.

Mzee hakucheka.

— Burma tulilisikia sana hilo neno. Tunamenya viazi, afisa anaingia, wote twasimama wima. Akisema "carry on", twakaa, twaendelea kumenya. Hakuna aliyepandishwa cheo pale.

— Ehe, kuendelea. Naendelea na kazi. Kawaambie hivyo hivyo Keko.

— Ngoja kwanza, Redio akasema. Nilipokuwaga boi Kurasini, mtoto akigaragara chini analia, mama wa Kizungu alikuwa anamwambia mumewe, tazama anavyo-carry on. Mie nikajua ni kufanya fujo.

— Sikufanya fujo yoyote.

— Mimi nakwenda kusema mbele ya watu wazima, mzee akasema. Nikishalisema, nimelisema mimi.

Hapo akafika Leodegar, mchonga vinyago kutoka Newala, mgeni wa mtaa. Akamwamkia mzee shikamoo, akapewa kikombe, akawasikiliza wakirudia yote toka mwanzo.

— Samahani, kaka, akamwambia Jamali. Alipokwambia hivyo, ulikuwa unafanya nini?

Mzee Mwinshehe aliweka kikombe chini. Jamali alikuwa akichokoa unga wa mbao kwenye kucha zake.

— Jamali.

— Nilikuwa natia randa yangu kapuni, mjomba. Nyapara alishaniambia asubuhi, kesho nisije. Mzungu wa watu hakuwa na habari. Alinikuta naondoka, akasema niendelee.