Kiwandani ni Kama Jikoni

Benchi lile liko mbele ya duka langu la mikate, kwenye kona ya mtaa wetu wa Wapolandi hapa Buffalo, na wanaolikalia hawajawahi kununua mkate wangu. Wao kahawa tu. Na kahawa yenyewe, tangu serikali ianze kuigawa kwa kuponi, nimeichanganya na mizizi ya chikori mpaka haijijui. Wanakunywa hivyo hivyo, maana wakinyanyuka watakwenda wapi? Walenty, tunayemwita Nyundo, alifua chuma miaka arobaini na sasa kiuno kimegoma. Profesa hajafundisha hata kuku, ila anasoma gazeti kwa sauti. Redio ni Redio: ukishamwasha, hana kitufe cha kuzimia. Mchana ule wa Aprili theluji ilikuwa inayeyuka, na ukutani, ng'ambo ya barabara, walikuwa wamebandika bango jipya. Mwanamke kajifunga kitambaa kichwani, kashika mashine ya kupigia ribiti, ile misumari ya kuungia mabati, meno yote nje. Chini yake maneno makubwa: UKIWEZA KUSHONA GAUNI, UNAWEZA KUUNGA BAWA LA NDEGE.

Nyundo akalitazama, akatema mate.

— Hilo ndilo lililomharibu binti yangu.

Binti yake ni Weronika. Mumewe, Tadek, yuko vitani Tunisia. Tangu mama yake afariki, Weronika ndiye anayempikia baba yake, anayemfulia, na huku analea kitoto chake, Halinka. Sasa kiwanda cha ndege kilikuwa kimemkubali. Basi la wafanyakazi hupita hapa hapa saa nane, na asipolipanda leo, nafasi anapewa mwingine. Jana baba yake alimwambia hapana. Asubuhi akamwambia tena hapana, naye Weronika hakujibu kitu, alimwekea tu chakula mezani. Kimya hicho ndicho kilichomleta Nyundo benchini mapema, kutafuta watu wa kumuunga mkono.

— Kwanza yule wa bangoni si mfanyakazi, akasema Redio. Hebu mtazame kucha. Zimepakwa rangi! Nani anapiga ribiti na kucha kama zile?

— Mwigizaji yule, akasema Profesa. Wamemleta kutoka California, wamempiga picha, wamempa nauli ya kurudi.

— Gazeti linasemaje?

Profesa akalikunjua taratibu, kama padri na Injili.

— Linasema kazi ya kiwandani ni kama ya jikoni tu. Kukata bati ni kama kukata kitambaa. Tanuri ni jiko. Kutoboa chuma ni kama kukamua limau. Mwanamke anayajua yote hayo, ila hajui kama anayajua.

Nyundo akaruka, na kiuno chake kibovu hivyo hivyo.

— Jikoni? Mimi miaka arobaini nilikuwa jikoni?

— Kwa mujibu wa gazeti, ulikuwa mpishi.

Redio akacheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Nyundo hakucheka. Mimi nilimwona: neno lile la mpishi liliingia, likakaa.

— Na sinema nayo hivyo hivyo, Redio akadakia. Kabla ya picha kuanza, wanakuonyesha wanawake wanaingia getini wanacheka. Nyundo, wewe uliwahi kucheka pale getini?

— Siku niliyostaafu.

— Umeona! Sasa mimi niwape siri. Ile mashine inatikisa mwili mzima. Mama anayenyonyesha, maziwa yanageuka siagi humo humo ndani.

— Acha fiksi zako, akasema Nyundo.

— Fiksi? Haba na haba hujaza kibaba, bwana. Vumbi la bati linaingia kidogo kidogo. Mwaka ukiisha anazaa mtoto, ukimgonga, ting!

— Hiyo methali ni ya akiba, wewe.

— Ndiyo, akiba ya bati.

Profesa akatikisa kichwa kwa huruma.

— Nyie mnatazama karibu mno. Hii ni hila ya Hitler. Ameona mabomu hayatufiki, akaamua tulale njaa. Mabango anabandika yeye. Wanawake wote viwandani, nchi nzima haina chakula cha jioni. Wiki mbili tu, tumesalimu amri.

— Lakini si ndege hizo hizo zinampiga yeye? akauliza Nyundo.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Ndiyo nini sasa?

— Fikiri mwenyewe.

— Ndege yenyewe ikiundwa na mwanamke itapiga nani? akauliza Redio. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Itafika Berlin itauliza kwanza, jamani mmekula?

Nikashindwa kuvumilia. Nikasema:

— Weronika mwenyewe mmemuuliza?

— Mama Apolonia, wewe tuongezee kahawa.

Nikawaongezea. Ndiyo kazi yangu.

Wakakata shauri. Nyundo arudi nyumbani akasimame mlangoni, amwambie binti yake kwamba wanaume watatu wamekaa, wamejadili, na jibu ni hapana. Alikuwa ndio kwanza anajiinua, Weronika huyo, anakuja. Kavaa suruali ya Tadek, kafunga kitambaa kichwani, mkono mmoja kibweta cha chakula, mwingine Halinka. Ukiacha mimi na birika langu, hakuna mwanamke aliyewahi kusimama mbele ya benchi lile.

— Baba, nimekutafuta.

— Nimesema hapana. Na wenzangu nao wamesema.

— Wamesema nini?

Redio akachungulia ndani ya kikombe chake. Yale ya siagi hakuyarudia.

— Nani atapika? akasema Nyundo. Na huyu mtoto atakaa na nani?

— Baba, mimi naogopa. Nikikaa nyumbani naogopa kutwa nzima, nasikiliza kama ni mtu wa telegramu anayepanda ngazi. Ndege zinazoundwa pale ndizo zinazomlinda Tadek juu ya kichwa chake. Acha niogope huku mikono ina kazi.

— Kiwandani si jikoni! Nyundo akapayuka. Wanakudanganya, mwanangu! Bango lile ni uongo mtupu!

— Najua ni uongo. Ni mimi niliyekuwa nakuvua viatu ulipokuwa unarudi kutoka kazini, hoi, umesahau? Lakini kama kweli ni kazi moja, baba, bango la kuwaita wanaume jikoni wamelibandika wapi?

Profesa alifunua ukurasa wa pili wa gazeti, akaufunga.

Basi likapiga honi pale konani. Weronika akainama, akambusu baba yake mkono kama tunavyowabusu wazee wetu, kisha ndani ya mkono huo huo akatia kiganja cha Halinka. Akapanda. Ndani ya basi wanawake walikuwa wamekaa wima, vibweta mapajani, wala hakuna aliyekuwa anacheka. Machozi yalinilenga, sioni haya kusema.

Nyundo alibaki amesimama mpaka basi likapotea.

— Usijali, Redio akamwambia. Kesho tu utamwona karudi.

— Babu, akasema Halinka. Njaa.

Nyundo akamtazama mtoto. Akaitazama barabara. Kisha akawageukia wenzake, na uso ule niliuona mara ya mwisho siku aliyomzika mkewe.

— Jamani, viazi huchemshwa kwa muda gani?

Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Redio akamtazama Profesa. Nilikuwa nimesimama nyuma yao na birika mkononi. Nimechemsha viazi tangu utotoni. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kuniuliza.