Mwadini Aliyeruka Uzio

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Uko Walthamstow, uko Kilburn, uko kwenye basi unarudi zamu, uko jikoni unakaanga kitunguu, naomba upunguze moto kidogo unisikilize. Leo hatuna salamu za kutumiana, hatuna mchezo wa maswali. Leo tuna msiba.

Mwadini Haji ametutoka. Amefariki Jumanne, nyumbani kwake Walthamstow, akiwa bado juu ya mswala baada ya sala ya alfajiri. Ni moyo. Amezikwa Jumatano. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Mwadini Haji, mpiga fidla, dereva wa basi, kiongozi wa kikundi cha taarab cha Ridhaa. Huyo ndiye aliyetutoka.

Najua wengi wenu mnamjua kwa jambo moja tu. Mnamjua kwa yaliyotokea mwaka jana kwenye tamasha la Mei, pale uwanjani Walthamstow. Video mliiona, mkacheka, mkairusha kwa ndugu zenu Unguja na Mombasa. Wengine mlisema mzee kachanganyikiwa. Basi leo kaeni mnisikilize, maana mlichokiona kwenye simu ni mkia tu wa ng'ombe.

Kwanza mjue alikuwa mtu wa namna gani. Mtoto wa Kikwajuni, Zanzibar. Amekuja hapa kwa Waingereza akiwa kijana, ameendesha basi la abiria zaidi ya nusu ya umri wake. Na alikuwa mtu wa sheria, jamani! Mtu wa sheria mpaka inachosha. Mkewe, Bi Asya, ameniambia jana huku akicheka na kulia kwa pamoja: "Mume wangu alikuwa hata akitoka chooni anatazama kulia, anatazama kushoto." Mtu huyo hajapata kuvuka taa nyekundu hata kwa miguu. Akikuahidi atakuja, anakuja, hata kama mvua inamwagika.

Sasa tamasha. Kila mwaka baridi ikishalegea na miti ikianza kuvaa majani, Walthamstow wanafanya tamasha lao uwanjani. Watoto wanapakwa rangi usoni. Kuna mashindano ya keki. Kuna wale wazee wa Kiingereza wanaojifunga njuga miguuni na kurukaruka na leso nyeupe, na Mwadini alikuwa akiwapenda sana, akisema hawa ni watu wetu waliopotea njia. Na kwa miaka mingi, saa moja ya jukwaani ilikuwa ya Ridhaa. Ganuni ya nyuzi, ngoma ya dumbak, fidla ya Mwadini, na sauti ya mkewe, Bi Asya.

Aliyewapa saa hiyo ni Bwana Hitesh. Hitesh ni Mhindi wa Tanga, mwenye duka la dawa, na Kiswahili chake kinatushinda baadhi yetu humu studio. Ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya tamasha. Yeye na Mwadini walikuwa wakinywa chai pamoja kila Jumapili, wakibishana Tanga na Unguja wapi kuna urojo mzuri. Marafiki wa kufa na kuzikana, kama tunavyosema.

Halafu mwaka juzi ikatokea balaa. Ninyi mnajua taarab ilivyo. Mwimbaji akikugusa moyo, hukai kwenye kiti ukapiga makofi. Unainuka. Unakwenda mbele unacheza polepole, noti mkononi juu, unamtuza. Basi mwaka juzi akina mama walipanda jukwaani kumtuza Bi Asya, wakapanda, wakapanda, mpaka ubao ukavunjika na mama mmoja akateguka mguu. Kamati ikawaka. Wakaweka uzio wa chuma mbele ya jukwaa, na wakataka Ridhaa waondolewe kabisa. Hitesh ndiye aliyewatetea. Alijitia dhamana yeye mwenyewe. Wakakubaliana hivi: mwaka unaofuata, mtu mmoja tu akivuka uzio, mitambo inazimwa na Ridhaa hawarudi tena. Hitesh akampelekea Mwadini habari, na Mwadini akampa mkono. Akasema, "Hatavuka mtu." Kwa Mwadini hilo lilikuwa limekwisha.

Akawatumia akina mama wote ujumbe kwenye kundi la WhatsApp. Hakuna kutuza. Atakayenipenda, akae nyuma ya uzio. Wakanung'unika, lakini wakakubali.

Sasa shikeni hapa. Majira yale ya baridi Bi Asya alifanyiwa upasuaji wa koo. Alipona, alhamdulillah, lakini sauti ya kuimba haikurudi. Nani aimbe? Akabaki binti yao, Zuwena, mwenye miaka kumi na tisa. Zuwena ni kama watoto wenu na wangu: ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Lakini nyimbo zote za mama yake anazijua tangu anatambaa. Alikataa mara nyingi. Mwisho akakubali, kwa sharti moja. Alimwambia baba yake, nami naitafsiri, kwa kuwa alisema kwa Kiingereza: "Mara hii tu. Wakinipenda nitaendelea. Wasiponipenda, usiniombe tena maisha yangu yote."

Na je, Mwadini alimwambia binti yake kwamba mwaka huo kutuza kumekatazwa? Hakumwambia. Bi Asya anasema alimuuliza, "Umemwambia mtoto?" Akajibu, "Nikimwambia atapata kisababu cha kukimbia. Na mwenyewe ataona uzio." Haya. Huyo ndiye mtu wa sheria wetu. Wote waliambiwa isipokuwa yule mmoja aliyepaswa kuambiwa.

Siku ikafika. Jua la hapa na pale, upepo unapeperusha vitambaa vya mahema. Zuwena kapanda jukwaani, gauni la mama yake limebanwa na pini kiunoni. Baba yake kakaa nyuma yake na fidla. Bi Asya yuko mbele, nyuma ya uzio, kwenye kiti. Hitesh kasimama pembeni karibu na mitambo, kavaa fulana ya njano ya kamati, redio ya mkononi kiunoni.

Akaanza. Ubeti wa kwanza akauimba vizuri, wallahi. Waliokuwepo wanasema nywele ziliwasimama. Ukaisha. Zuwena akatazama chini.

Hakuinuka mtu.

Mtoto huyu, wasikilizaji wapendwa, amekulia chini ya jukwaa la mama yake. Tangu mdogo ameona wanawake wakimiminika mbele. Kwake yeye mwimbaji asiyetuzwa ni mwimbaji aliyeambiwa shuka. Aliwatazama Mama Fulani na Mama Fulani waliomlea, waliombeba, wamekaa kimya, mikono imekamata mikoba. Hakujua kwamba mikono ile ilikuwa inawawasha. Waingereza walikuwa wakila soseji zao. Mmoja alipiga makofi mawili, akaacha.

Ubeti wa pili sauti ikaanza kutetemeka. Katikati ikakatika. Zuwena akarudi hatua nyuma ya kipaza sauti.

Mwadini akapiga mapigo ya kati, yale yanayomrudisha mwimbaji. Zuwena hakurudi. Akapiga tena. Binti kasimama, kawapa watu ubavu, anatazama ngazi za kushukia. Mpiga ganuni akamwangalia Mwadini. Mpiga dumbak akamwangalia Mwadini. Akapiga mara nyingine, polepole zaidi, kama anayemwomba. Bi Asya kule chini akainua macho, akamtazama mumewe. Sauti ya kupaza hana. Alimtazama tu.

Mnaweza kuuliza, si angemtuza palepale jukwaani, kakaa hatua mbili nyuma yake? Haiwezekani. Mpigaji hamtuzi mwimbaji wake, hiyo ni kujipigia makofi mwenyewe. Tuzo hutoka kwa waliokuja kusikiliza. Zuwena anajua, Mwadini anajua, kila mtu anajua. Na angemwita pembeni amweleze mambo ya kamati, mtoto angesikia nini? Angesikia baba ananifariji.

Mwadini akaiweka fidla kitini. Akawaashiria wenzake waendelee. Akashuka kwa ngazi ya nyuma, akazunguka gari la soseji, akajipenyeza katikati ya watu kwa excuse me, excuse me, mpaka akafika mbele kwenye uzio. Kofia kichwani, noti mkononi.

Hitesh alimwona. Akaja mbio.

"Mwadini, usifanye."

"Hitesh, ndugu yangu."

"Umenipa mkono wako. Mimi nimeweka jina langu pale. Usinifanyie hivi."

Mwadini alikuwa na machozi. Hitesh mwenyewe ndiye kanisimulia. Akasema, "Nimekupa mkono, ni kweli. Naivunja ahadi yangu na nakuomba radhi. Wewe fanya kazi yako."

Akaruka uzio. Naam, nimesema akaruka, lakini mwanamume wa miaka sitini na tatu haruki, anaparamia. Suruali ikanasa, akainasua. Mlichocheka kwenye video ni hapo. Kisha akaenda, mkono juu, mabega yanakwenda na dumbak, anajivuta polepole vilevile wanavyofanya akina mama. Mtu ambaye hajapata kucheza hadharani hata kwenye harusi yake! Vigelegele vikapasuka nyuma ya uzio. Akapanda jukwaani kwa mbele, kama mgeni, akamwekea binti yake noti kiganjani.

Zuwena, aliyekuwa amemwona Hitesh akimzuia pale kwenye uzio, akamwambia, "Baba, watatufukuza." Kwa Kiswahili. Bi Asya anasema tangu mtoto aanze shule hakuwahi kumsikia akimwambia baba yake sentensi nzima ya Kiswahili.

Mwadini akamwambia, "Imba."

Akaimba. Na Hitesh akafanya kazi yake. Mitambo ikazimwa. Vipaza sauti vikafa, lakini dumbak haihitaji umeme, na koo la Zuwena halikuhitaji umeme. Akina mama hawakuvuka, hata mmoja. Walisimama nyuma ya uzio wameinua noti zao juu, mikono ya kanga na mabuibui hewani, mpaka wimbo ukaisha. Waingereza nao wakasimama, hawajui kwa nini, wakasimama tu.

Hiyo ndiyo habari ya video. Sasa nisikilizeni ambayo haikupigwa video.

Ridhaa walifukuzwa, kama ilivyoahidiwa. Mwaka huu tamasha ni Jumamosi hii, na hawamo. Hitesh naye alivuliwa uenyekiti aliokuwa nao miaka mingi. Chai ya Jumapili ikafa. Mwadini akaenda nyumbani kwake kumwomba radhi kwa utulivu. Mke wa Hitesh akafungua mlango, akasema, "Hayupo, katoka." Akaenda tena. Katoka. Akaenda sikukuu ya Diwali, kachukua boksi la halua. Katoka. Bi Asya alimwambia, "Mwadini, huyo hakutaki, jihurumie." Akasema, "Nimemkosea, acha anichoshe." Aliendelea kwenda mpaka mwezi uliopita.

Jumatano, baada ya maziko, nyumba ya Mwadini ilijaa watu. Zuwena akasikia mlango unagongwa kidogo sana. Akafungua. Ni Hitesh, kashika viatu mkononi, hakujua aingie au asimame. 

Zuwena akamwambia, kwa Kiswahili, "Ingia, Anko. Baba alikuwa akisema hukukosea. Alisema, ningekuwa Hitesh, hata mimi ningezima."

Hitesh akakaa chini palepale kwenye ngazi, akalia. Alipoweza kusema, akamuuliza, "Bado unaimba?"

"Naimba, Anko. Aliruka kwa ajili gani basi?"

Bi Asya, Zuwena, na ukoo wote wa Mzee Haji huko Kikwajuni, poleni sana. Sisi wa redio hii tumeumia pamoja nanyi. Wana-Ridhaa, poleni kwa kupoteza kiongozi. Madereva wenzake, poleni. Mwenyezi Mungu amlaze Mwadini mahali pema, amsamehe alipokosea, nasi atupe subira. Hitima ni Ijumaa baada ya Isha, nyumbani. Narudia: hitima ya Mwadini Haji, Ijumaa, baada ya Isha, nyumbani kwake Walthamstow.

Na wewe unayenisikiliza, kabla hujafungua muziki, fikiria kidogo. Nani amekugongea mwaka huu ukanyamaza? Mpigie simu usiku huu huu, msingojane.

Sisemi haya kwa akili yangu. Bwana Hitesh alinipigia mchana. Nilimuuliza ana neno gani kwa wasikilizaji. Akasema, "Waambie sikuwa nimetoka. Kila mara alipokuja, nilikuwa nyuma ya mlango namsikia anavyovuta pumzi."