Bi Pima na Maji Yaliyogoma Kufika Mia

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha fizikia katika shule hii, mwalimu wetu mnayemjua kwa jina la Bi Pima atarudisha funguo za maabara na kustaafu. Kamati ya jarida imenipa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu mbili: mimi ni mwalimu wa lugha, na meza yangu imepakana na yake kwa miaka ishirini na sita. Sababu ya pili ndiyo nzito. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Wengi wenu hamjui kwamba hakuanza na jina hilo. Miaka yake ya mwanzo wanafunzi walimwita Bi Kitabu. Alikuja hapa juu milimani kutoka uwanda wa chini, alikozaliwa na kusomea ualimu, akiwa na mume fundi cherehani, mtoto mgongoni, na vitabu vingi kuliko nguo. Mwanafunzi akiuliza kwa nini jambo fulani liko hivi, alipewa namba ya ukurasa. Akiuliza tena, alipewa namba ileile kwa sauti ya juu zaidi. Alikuwa mwalimu mzuri, mkali, anayewahi, na wanafunzi wake walifaulu. Hakuna aliyelalamika.

Kila mwaka kidato cha pili walifanya jaribio la kuchemsha maji. Mnalijua: bikari, taa ya spiriti, kipimajoto, na msururu wa wanafunzi wanaosukumana wasione kitu. Kitabu kilisema maji safi huchemka katika nyuzi mia moja. Vipimajoto vya shule vilipanda vizuri, vikafika tisini na tano, vikatulia hapo, huku maji yakitokota kama kawaida. Bi Kitabu aliwaambia wanafunzi kwamba vipimajoto vimechoka, waandike mia. Akaomba vipya. Vilipokuja, bado vimefungwa kwenye pamba zake, navyo vikatulia tisini na tano. Akasema siku hizi hata wauza vifaa ni matapeli, andikeni mia. Wakaandika.

Katika mwaka wake wa nane, wakati mimi nimeshahamia kwenye ile meza ya jirani, alikuwapo darasani binti wa mhubiri wa mtaa wa nyuma ya shule. Msichana mrefu, mkimya, anayekaa karibu na dirisha lile lenye kioo kimoja cha kadibodi. Aliinua mkono.

“Mwalimu, vipimajoto vyote vitano ni vibovu?”

“Vyote.”

“Na vyote vimeharibika kwa kiasi kilekile?”

Bi Kitabu alinisimulia mchana huohuo kwamba alifungua mdomo kutaja ukurasa, na ukurasa haukuja. Binti hakuwa na nia ya kumwaibisha. Aliongeza kwa upole, kama mtu anayeomba msaada: “Baba anasema sayansi nayo ni dini, ila nyinyi mnavaa makoti meupe. Mimi huwa nambishia. Sasa leo nikirudi nyumbani nimwambie nini?”

Alikuja chumba cha walimu na chai yake ikapoa mbele yake. Aliniambia kitu kimoja tu, kwamba katika miaka yote ile hakuwahi kujiuliza swali ambalo mtoto wa miaka kumi na minne amejiuliza kwa dakika kumi. Nami kwa kuwa sijui fizikia nilimwambia ayapuuze, watoto wana mdomo. Ushauri mbaya, na bahati nzuri hakuufuata.

Nyumbani alikuwa akiishi na mama mkwe wake, mtu wa uwanda vilevile. Tangu bibi yule ahamie huku alikuwa na ugomvi mmoja usiokwisha, nao ni maharage. Alisema maharage ya huku yana kiburi, unayachemsha mpaka unazeeka. Siku zote mkwewe alimjibu kwamba wauzaji wa sokoni ni wadanganyifu. Jioni ile, bibi alipoanza tena, mwalimu aliketi kwenye kigoda jikoni akatazama sufuria. Alikuwa ameifundisha habari ya mgandamizo wa hewa kwa kidato cha tatu mara saba nzima, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na ule mchoro wa mlima: ukipanda juu hewa huwa nyepesi, nayo maji huchemka kabla ya kufika mia, na chakula huchelewa kuiva. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba mlima ule ndio huu anaokaa.

Mtu mwingine angeridhika hapo. Yeye alisema ameshawaambia watoto uongo mara nyingi kwa kuamini kilichoandikwa, hawezi sasa kuwaambia ukweli kwa njia ileile. Likizo ilipofika alifunga vipimajoto viwili katika khanga, akapanda basi, akashuka uwandani kwa kaka yake mkubwa ambaye ni fundi bomba. Akaomba sufuria. Familia nzima ikajazana jikoni kumwangalia. Kaka yake akamuuliza, “Yaani umekaa kwenye basi siku nzima kuja kuchemsha maji? Kwani kwenu gesi imekwisha?” Vipimajoto vilipita tisini na tano bila kusita, vikaenda kutulia pembeni kabisa ya mia. Ndivyo vilevile alivyoviita vibovu.

Muhula ulipofunguliwa alisimama mbele ya darasa akaomba radhi. Aliwaeleza aliyoyaona kwa kaka yake, akawaambia wafute ile mia, waandike walichokiona na mahali walipokuwa walipokiona. Kisha akawaambia wasimwamini hata yeye, wapime tena. Wakapima tena. Hapo ndipo lilipozaliwa jina la Bi Pima, na huyo Bi Kitabu hatukumwona tena.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Mwisho wa mwaka ukaja mtihani wa wilaya, ule unaoamua nani aingie mchepuo wa sayansi. Swali mojawapo liliuliza maji safi huchemka katika nyuzi ngapi. Darasa lake karibu lote liliandika tisini na tano, na wengine wakaongeza “hapa shuleni kwetu”. Wote hao wakakoseshwa. Wanafunzi sita waliangukia chini ya mstari kwa sababu ya swali hilo, na mmoja wao alikuwa binti wa mhubiri.

Mkuu wa shule wa wakati huo aliitisha kikao cha wazazi katika bwalo la chakula, na mratibu wa mitihani wa wilaya akaja na tai yake. Nilikuwapo, nimekaa benchi la nyuma. Baba mmoja, dereva wa lori, alisema maneno ambayo wengi walikuwa nayo moyoni: “Mwanangu sikumleta hapa abishane na kitabu. Nimemleta afaulu.” Watu wakaitikia. Bi Pima alikuwa ameleta jiko dogo la gesi na bikari, akaomba aoneshe. Mratibu akamkatiza kwa adabu. “Mwalimu, sikuja kunywa chai. Jibu sahihi ni lile lililo kwenye mwongozo wa kusahihisha.”

Bi Pima alikaa. Nilimwona akizikunja pembe za khanga yake na kuzikunjua. Aliniambia baadaye kwamba hakuogopa kupoteza kazi yake. Aliwaogopea wale sita, kwamba watajifunza kuwa ukisema ulichokiona unaumia.

Ndipo mhubiri aliposimama. Tulijua anavyoisema sayansi kila wiki, na dereva wa lori akamsogezea kiti kama mtu aliyepata mwenzake.

“Mimi sikusoma fizikia,” alisema. “Nimesema mara nyingi kwamba sayansi ni dini kama dini nyingine, na bado nasema. Lakini kuna jambo limenichanganya. Kwetu sisi Maandiko hayafutwi. Tukikwama tunarudi kuyasoma upya, tunaomba, tunasubiri, ila herufi hatugusi. Hiyo ndiyo imani, nami siioni aibu. Sasa mwalimu huyu amemwambia binti yangu kwamba kwao kitabu kikigombana na sufuria, kinachorekebishwa ni kitabu. Binti amemwamini, akaandika alichokiona. Wewe bwana mratibu unasema kitabu hakiguswi. Mmoja wenu ananidanganya. Kama hii ni dini, niambie leo hapa, nimrudishe mwanangu kwenye ile ya kwetu, kwa sababu ya kwetu ni ya siku nyingi na haina mitihani.”

Bwalo lilicheka, hata dereva. Mratibu hakucheka. Aliangalia karatasi zake, kisha akasema, “Washa hilo jiko, Mwalimu.”

Tulisubiri maji yachemke, watu wazima zaidi ya mia wakiitazama bikari moja. Yalipotokota mratibu akainama, akasoma, akagonga kipimajoto kwa kucha, akasoma tena. Akaomba cha pili. Halafu akavua koti lake na kuuliza kama kuna cha tatu, na hapo nikajua mambo yamekwisha.

Alama zilirudishwa. Mwaka uliofuata swali lilitaja usawa wa bahari. Lakini alama hizo zilichelewa kurudi, na nafasi za mchepuo wa sayansi zilikuwa zimeshajaa. Wale sita walisubiri muhula mzima nje. Bi Pima aliwafundisha mwenyewe kila alasiri kwenye varanda ya maabara ili wasiachwe nyuma, bila malipo na bila kusema. Wanne waliingia. Wawili walikata tamaa, na mpaka leo hapendi kuwazungumzia. Binti wa mhubiri aliingia, akamaliza, kisha akaiacha sayansi akasomea sheria. Sasa ni hakimu, na nasikia mawakili wanayaogopa maswali yake mafupi.

Katika miaka iliyofuata Bi Pima alifanya mengi ambayo kamati imeniomba niyataje: matengenezo ya paa la maabara lililokuwa likivuja mezani, klabu ya sayansi, idadi ya wasichana wa fizikia iliyokua mara tatu. Alisahihisha kwa kalamu ya kijani kwa madai kwamba nyekundu inatisha. Alikuwa bahili wa viberiti kupita kiasi. Wanafunzi waliomkuta na makosa aliwashukuru mbele ya darasa, jambo lililowafanya wengine wayatafute kwa bidii isiyo ya kawaida.

Mhubiri na yeye waligeuka marafiki wa kubishana. Alikuwa akipita ofisini kwetu kila alipokuja kulipa ada ya mdogo wa yule binti. Siku moja alimuuliza, “Mwalimu, atomu umewahi kuiona?”

“Hapana.”

“Basi unaamini tu, kama sisi.”

Siku ile Bi Pima aliendelea kusahihisha. Mhubiri alipokuja tena, mwezi uliofuata, Bi Pima alimwambia, “Ni kweli, mengi ninayofundisha nimeyapokea kwa watu. Ila najua mlango wa kupita kwenda kuwakagua, na uko wazi kwa yeyote.”

Mhubiri akafikiri. “Na mimi mlango wangu upo,” akasema. “Ila huo mtu hupita akishakufa.” Wakacheka wote wawili, nami nikawaagizia chai. Mhubiri alipofariki, miaka minne iliyopita, Bi Pima alikaa mstari wa mbele na familia, akaimba nyimbo zote bila kutazama kitabu.

Juma lililopita mwalimu mpya wa kemia, kijana mwenye bidii, alimuuliza Bi Pima katika chumba cha walimu kama baada ya miaka yote hii bado anaiamini sayansi. Bi Pima alikuwa akifunga masanduku.

“Kuamini, siamini,” alisema. “Naitegemea, kama ninavyomtegemea fundi wa pikipiki yangu. Miaka kumi na miwili hajawahi kuniangusha. Na kila nikitoka kwake nabonyeza breki kabla sijaondoka, naye hakasiriki. Siku atakayokasirika nitatafuta fundi mwingine.”

Kijana akaandika. Bi Pima akamwambia asiandike, aende akajaribu mwenyewe.

Mwenzetu, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na vizazi vya wanafunzi uliowapa ruhusa ya kukukosoa, tunasema asante. Umri uliobaki uwe na afya, wajukuu wasiokwisha maswali, na mume asiyechoka kuyasikia majibu. Meza yako atapewa kijana wa kemia. Nimeshamwonya kwamba jirani yake hajui fizikia, ana ushauri mbaya, na atakukumbuka sana.